Aliyekuja Kusikiliza Karai

Kwa muda mrefu nilidhani ana njaa na anaona haya kusema.

Alikuja kila asubuhi mafuta yangu yanapoanza kupata moto, akasimama pembeni ya jiko, akafumba macho. Hakuagiza kitu. Wateja walifika, wakafungiwa maandazi yao, wakaenda zao, na yeye amesimama tu, shingo kaipinda, sikio la kulia kalielekeza karaini. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Nimelelewa nikijua kwamba mtu akisimama kimya karibu na chakula chako humuulizi shida yake, unampa. Kumuuliza mbele za watu ni kumvua nguo. Basi nikawa namwekea maandazi kwenye kisahani na kumwambia, "Karibu, Mtafiti, haya yamezidi." Naye akawa anayala polepole, kwa adabu, anashukuru na kuondoka. Tuliendelea hivyo kiangazi kizima, mpaka mpwa wake aliyekuwa akiishi naye aliponijia juu: "Mama Kulwa, unataka kumuua shangazi yangu? Hujui kama ana sukari?"

Nilikwenda kwake kuomba radhi, ingawa nusu ya radhi yenyewe ilikuwa hasira.

"Shikamoo, Mtafiti. Sasa kama umekatazwa, ulikuwa unakula ya nini?"

"Marahaba. Ulikuwa unanipa kwa moyo. Ningekataaje?"

"Na kilichokuwa kinakuleta ni nini, kama si maandazi?"

Akanitazama, anafikiri kama aseme au asiseme.

"Mafuta," akasema. "Ukitia donge la kwanza, yanalia sawasawa na mwamba wa matumbawe ulio mzima."

Nilidhani sukari imempanda kichwani. Akanikalisha, akanieleza. Watu wanadhani chini ya bahari ni kimya, alisema, na hilo si kweli. Mwamba wenye uhai hauishi kelele. Humo wamo kamba wadogo sana, kila mmoja ana gando moja kubwa analolifyatua, na wakiwa wengi mlio wao ni huo wa karai langu. Wamo samaki wanaoguguna, na wengine wanaonguruma. Samaki wachanga waliozagaa kwenye maji ya mbali wanazisikia kelele hizo na kuzifuata, ndivyo wanavyojua pa kwenda kuishi.

"Na mwamba ukifa?" nikauliza.

"Unanyamaza."

Alilisema neno hilo kwa sauti ya chini, akatazama mlangoni. Mimi nami, bila kujua kwa nini, nikatazama mlangoni.

Mtaani kwetu Isevya hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mtafiti kwa wakubwa, na Bibi Mtafiti kwa watoto. Alikuwa amefanya kazi pwani na visiwani tangu ujana wake, akizamia na mtungi wa hewa mgongoni, akichunguza matumbawe na viumbe wanaoishi ndani yake. Wenzake walipostaafu walijenga kulekule ufukweni, wapate kuyaona maji wakinywa chai. Yeye alipanda treni akarudi Tabora, akakarabati nyumba ya marehemu mama yake. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Huku hakuna anayeniuliza bahari haijambo." Nikacheka sana, nikaenda kuwasimulia wengine nao wakacheka. Siku hizi sioni nilikuwa nacheka nini.

Mtu huyu aliyeishi ndani ya maji nusu ya maisha yake alikuwa anaogopa ndoo. Nyumbani kwake hukukuta chombo cha maji kilicho wazi. Mapipa yalikuwa na vifuniko, na juu ya vifuniko kaweka mawe, asiyaone maji yaliyonyamaza. Masika ilipoanza alikuwa anafunga mlango wake mapema na kuja kukaa kwangu, kwa sababu, alisema, kwangu kuna radio. Si mvua iliyomtisha. Mvua ikipiga bati alikuwa anatulia kabisa, anasinzia kwenye kochi miguu kainyoosha. Alichokiogopa ni pale inapokatika. Unajua mvua zetu za Tabora, zinakatika ghafla utadhani mtu kafunga bomba. Kabla haijakatika alikuwa anajua. Alikuwa ananishika mkono juu ya kiwiko na kuubana, na sauti ya bati ikipungua vidole vyake vinazidi kukaza, na ikinyamaza anasema, "Washa radio, washa radio." Mara ya kwanza nilimcheka. Baada ya misimu kadhaa mvua ikikatika nilikuwa nakimbilia radio mwenyewe. Hofu ni kitu cha kuambukizwa, na mimi aliniambukiza.

Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii kitu. Ukitaka kuzungumza naye njiani lazima uhame upande, na watoto walishajua, walikuwa wanamzunguka mbio kabla ya kumwamkia. Walimpenda sana watoto, na walimwita mwongo. Aliwaambia pweza ana mioyo mitatu, wakaangua kicheko. Aliwaambia kuna samaki anayezaliwa jike na kuzeeka akiwa dume, wakaenda kumshtaki kwa mama zao. Hayo yote ni kweli, nimekuja kuyahakikisha kwa binti yangu, lakini yeye hakujitetea. Uongo wenyewe alikuwa anawapa watu wazima. Muuza mboga alimwambia alikuwa karani wa misitu. Mchungaji wetu wa Moravian alipomtembelea, alimwambia alifundisha sayansi kimu. Alikuwa yuko radhi kuwa mtu mwingine kabisa kuliko kuulizwa habari za bahari.

Kitu kimoja hakukificha, nacho ni kipimajoto. Kilikaa kwenye pochi yake pamoja na miwani na dawa. Alipima chai kabla hajainywa, akapima maji ya bomba, siku moja akataka kupima uji wa mtoto wa jirani, mama wa mtoto akauondoa haraka akidhani ni uchawi. Nikamwambia, "Mtafiti, utatuletea maneno mtaani." Akasema mkono wa mtu haujui joto, mkono unajua moto na baridi basi, na balaa lote liko katikati pale ambapo mkono hauhisi.

"Wewe Kulwa akiwa na homa," aliniambia, "joto lake limepanda kiasi gani? Kidogo tu. Lakini analala, anaweweseka, hali chakula. Sasa bahari ina homa. Haina pa kulala."

Ndipo aliponieleza jinsi matumbawe yanavyopauka. Ndani ya mwili wa tumbawe wanaishi viumbe wadogo wa jamii ya mwani, wanaolilisha na kulipa rangi. Maji yakizidi joto, tumbawe linawatapika, linabaki jeupe. Watalii wanafurahia weupe ule na kupiga picha. "Halijafa bado," alisema. "Lina njaa. Joto likishuka mapema linawapokea tena na kupona. Lisiposhuka, basi." Nilimuuliza linangoja muda gani. Akakitumbukiza kipimajoto kwenye kikombe chake, akakitazama.

Nilimpeleka Kigwa mara moja, kwa mjomba wangu. Alikuwa amesikia kwamba koo za zamani zilizotoa wapagazi bado zina simbi, yaani kauri za baharini, na vile visahani vyeupe vya kombe ambavyo watemi walivaa kifuani. Jambo hilo lilimwamsha kuliko nilivyowahi kumwona. Njiani alizungumza mfululizo. Kila kombe lililopo Unyamwezi, alisema, limetoka pwani juu ya kichwa au shingoni mwa mtu aliyetembea miezi, na kombe hukua tabaka kwa tabaka, na kila tabaka linahifadhi alama ya joto la maji ya siku zile. Akipata unga kidogo tu wa kukwangua, maabara ya wenzake ingeweza kusoma bahari ya enzi za misafara ilikuwa na joto gani. "Jibu liko kwenu huku bara," aliniambia, "mmelifungia kwenye vitambaa."

Mjomba wangu ni mtu wa kanisa na pia ni mtu wa mababu, na hajawahi kuona kuna ugomvi katika hilo. Tukaamkiana mwangaluka, tukala, ndipo akatupeleka kwenye kijumba kidogo cha nyuma. Akafungua kitambaa. Kilikuwa kisahani kimoja tu, cheupe kilichoiva kuwa rangi ya jino, kina tundu katikati na kamba iliyooza. Mtafiti alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa. Kisha akaomba kwa adabu zote kukwangua ukingoni kidogo.

"Hiki hakikwanguliwi, mama," mjomba akasema. "Baba yangu alinipa hivi kilivyo. Kushika, shika. Ila niambie kitu. Bahari ya leo ina nini hata uje kuulizia ya babu zetu?"

Mtafiti hakuinua uso. "Mzee wangu, mimi nilianza kuipima ikiwa imeshaanza kuumwa. Sijawahi kuiona ikiwa nzima. Nataka kujua ilikuwaje, nijue tumepoteza kiasi gani."

"Na inakufa?"

"Pale nilipokuwa napafahamu mimi, ndiyo."

Mjomba akanyoosha mkono. Alikichukua kisahani chake taratibu, akakifunga, akaongeza kitambaa cha pili juu ya kile cha kwanza. "Basi ndiyo kabisa hakitoki," akasema. "Kama huko kunakwisha, hiki ndicho kilichobaki."

Tulipokuwa tunarudi Tabora Mtafiti alikuwa anatetemeka kwenye kiti. Nilidhani sukari imeshuka, gari liliposimama nikamnunulia soda dirishani. Akaipokea akanishukuru, akaishika mkononi mpaka stendi bila kuinywa. Hakuwa amemkasirikia mjomba. Alikuwa anaona, aliniambia baadaye, kwamba ni mtu wa kwanza aliyemwelewa haraka hivyo, bila kubisha wala kuuliza kama serikali haina mpango.

Sasa nimseme Kulwa, maana bila Kulwa mama huyu angebaki jirani yangu wa vituko tu.

Nilizaa mapacha. Doto alikufa kwa homa kabla hajaanza kutembea, na tangu siku hiyo kila anayeniita Mama Kulwa ananikumbusha kwamba jina limebaki upande mmoja. Nina mmoja. Nimemlea huyo mmoja kwa kumkataza: usipande, usikimbie, usichelewe, usinywe maji ya watu. Alipoanza sekondari akawa anashinda kwa Mtafiti, nami nikafurahi, nikijua anafundishwa baiolojia ya mtihani. Kweli alifaulu. Lakini siku moja mwendesha bodaboda aliniambia kawaona Mtafiti na binti yangu bwawa la Igombe, binti kalala chali juu ya maji, bibi kasimama kando anapiga kelele. Nilifika pale kanga inaburuta. Kulwa alikuwa ameshatoka, anajikausha, anacheka.

"Unamfundisha nini mwanangu?" nilimfokea mtu ninayemwamkia shikamoo.

"Nimemfundisha kuelea," akasema. "Nimemfundisha asife."

Sikumsemesha kwa wiki nzima, na asubuhi zote hizo alikuja kusimama pembeni ya karai kama kawaida, macho kayafumba, nami nakaanga nimenuna.

Kulwa alipopata nafasi chuo kikuu kusomea sayansi ya bahari, kanisani walimwimbia, nami nililia kwa furaha na wenzangu wa kwaya. Akili ilinirudi pale aliponitumia picha. Kavaa nguo nyeusi ya mpira iliyombana mwili mzima, mtungi mgongoni, kakaa ukingoni mwa boti, mgongo kaupa maji. Niliitazama ile picha nikamwona Doto. Sijui nieleze vipi. Uso ulikuwa wa Kulwa, lakini niliyemwona ni yule mwingine, niliyemfunga kwenye kanga kabla ya kumzika.

Jioni ileile nilikwenda kwa Mtafiti. Alikuwa anamenya mihogo. Sikukaa.

"Mwambie aache," nikamwambia. "Mimi nimeshasema nimechoka, hanisikii. Wewe atakusikia. Sema neno moja tu, arudi afundishe shule, afungue duka la dawa, afanye chochote kile nchi kavu. Ninaye huyu tu, Mtafiti. Unajua kwamba ninaye huyu tu."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Akaweka kisu chini. Ndipo aliponisimulia habari za sikio lake. Alikuwa na mwamba mmoja aliouchunguza tangu akiwa msichana, aliufahamu pango kwa pango. Ukaja mwaka wa joto. Aliposhuka alikuta weupe mtupu, na mara iliyofuata weupe umeota ukungu wa majani. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuweka kinasa sauti chini na kuondoka, kwa sababu mzamiaji akibaki pumzi zake zinaharibu sauti. Hiyo ndiyo kanuni. Unaweka, unaondoka. Yeye aliweka, akabaki. Hakuamini kwamba hasikii kitu. Akashika jiwe akangoja, akijiambia huenda wataanza sasa hivi, huenda wamemwogopa, mpaka hewa ya mtungi ikaanza kumwishia. Alipanda juu haraka kupita kiasi, na wenye boti walimwopoa damu inamtoka sikioni.

"Unanisimulia haya ili nitulie?" Nilikuwa nalia sasa.

"Nakusimulia ujue kwamba hofu yangu haipungui yako, imezidi. Wewe unaogopa bahari itamchukua. Mimi naogopa atafika asikute kitu cha kusikia, halafu afanye nilivyofanya mimi." Akafuta mikono. "Lakini upande wa kusini wa mwamba ule, penye kina, nilipoondoka palikuwa na sauti bado. Ndogo, lakini ipo. Mtu lazima aende akasikilize kama ingalipo. Mimi siwezi tena, na katika wote niliowafundisha hakuna mwenye masikio ya Kulwa. Nikimkataza, nitakuwa nimesema hakuna kilichobaki. Sijafika hapo."

Nilitoka bila kuaga. Ila nitasema ukweli: maneno yale ya mwisho yalinishikilia. Katika hofu yangu yote nilikuwa na hilo la kujiegemeza, kwamba kuna kitu kule kinachomstahili mwanangu, na kwamba mwanamke huyu mwoga kuliko wote ninaowajua bado anakiamini.

Kulwa alipomaliza masomo akaajiriwa kwenye utafiti, na likizo yake ya mwisho kabla ya kazi alipita nyumbani. Mtafiti alimrudisha darasani kwenye ukumbi wangu, binti mzima mwenye shahada.

"Ukishuka unafanya nini?"

"Naweka, naondoka, Bibi."

"Usiposikia kitu?"

"Naondoka."

"Ukisikia kitu?"

"Naondoka vilevile."

"Tena."

Alimrudisha mpaka Kulwa akaanza kucheka, na Mtafiti akapiga meza kwa kiganja. Sikuwahi kumwona akipiga kitu. Stesheni tulikwenda wote kumsindikiza. Treni ilipoanza kusogea, mwanamke huyu ambaye hakuwahi kukanyaga kanisa wala msikiti tangu nimfahamu aliniambia, "Omba, Mama Kulwa. Omba kwa sauti nisikie." Nikaomba palepale, watu wanatupita na mizigo, na yeye kanigeuzia lile sikio lake zima.

Baada ya hapo sukari ilimshika vibaya. Macho yalififia, miguu ikawa haimbebi. Hakuweza tena kuja kwenye jiko, na mimi nilihamisha jiko. Nililileta chini ya dirisha lake, wateja wakalalamika kwamba nimejificha, kisha wakazoea. Asubuhi nilikuwa naita, "Natia donge!" naye anajibu kutoka kitandani, "Tia." Tulikuwa wanawake wawili, kila mmoja anamngoja mtoto yuleyule kwa sababu yake.

Kulwa alishuka upande wa kusini mwaka huu, mvua zilipokwisha. Sauti aliyoinasa huko chini alinitumia kwenye simu, na chini yake kaandika: Mama, mpelekee Bibi asikilize. Usisikilize peke yako.

Ilikuwa mchana, saa ya jua kali, nimeshazima jiko. Mpwa wake alikuwa kazini. Nilimkuta kaegemea mto, kanywea sana, nywele zimebaki chache. Nilipomwambia nilichokuja nacho alijaribu kukaa wima, nikamsaidia.

"Weka sauti mpaka mwisho," akasema. "Tusikilize wote."

Nikabonyeza, nikaiweka simu juu ya shuka katikati yetu.

Kwanza ulikuja mvumo, kama wa upepo kwenye matundu ya bati. Halafu nikasikia pumzi. Inavutwa ndefu, yenye mkwaruzo, kisha inatolewa na mapovu yanagugumia. Inavutwa tena. Sijawahi kusikia mtu anavyohema chini ya maji, lakini hiyo pumzi niliijua. Niliilalia macho usiku kucha, nimeiwekea mkono puani, mwaka ule nilipobakiwa na mmoja.

Mtafiti akakunja uso. "Mbona hajaondoka?" akasema. "Nilimwambia nini? Anaiharibu. Anaweka, anaondoka. Nilimwambia nini huyu mtoto?"

Pumzi ikaendelea. Tulingoja aondoke, hakuondoka. Nilimtazama Mtafiti na nikaona hasira inamtoka usoni, taratibu, na kinachoingia mahali pake nilikuwa sikitaki kukiona. Alikuwa ameinamia simu, sikio la kulia karibu liguse kioo. Hakuwa amefumba macho kama alivyofanya kwenye karai langu. Alikuwa ameyafumbua na hayaoni kitu.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Namsikia Kulwa."

"Kingine?"

Nilisikiliza kwa nguvu zangu zote. Miaka yote hiyo nimekaanga nikijua ninachotakiwa kukisikia. "Sisikii kingine," nikasema.

"Anangoja," Mtafiti akasema. "Haamini. Amebaki anangoja."

Ndipo nilipoelewa. Chini kule kwenye kina, gizani, kwenye mwamba wote ule aliousema, kitu pekee kilichokuwa kinatoa sauti ya uhai ni mwanangu. Na mwanangu alikuwa na hewa ya kubeba mgongoni. Pumzi zake zikaanza kuwa fupi. Zikaja kwa haraka, mbili tatu zikifuatana, halafu sauti ikakatika, chumba kikawa kimya, na Mtafiti akanishika mkono juu ya kiwiko.

Hakukuwa na radio ya kuwasha.

"Mwambie arudi nyumbani," akasema.

Ndiyo maneno niliyoyapigia magoti. Nilikuwa nimeyaomba kwake nikiwa nalia, nikayaomba kwa Mungu, na sasa yametoka, nami sikufurahi hata kidogo. Nikakaa kitandani kwake. Muda wote alipokuwa akikataa, nilijua kuna kitu kule. Sasa amekubali.

Nikapiga simu. Iliita sana, nami nikasahau kwamba sauti ile kaituma mwenyewe akiwa juu, nikafikiri mambo ambayo mama hapaswi kufikiri. Kisha Kulwa akapokea, na nyuma yake nikasikia injini ya boti.

"Mama."

"Uko wapi? Umepanda? Uko mzima?"

"Nimepanda, Mama, toka jana. Niko salama. Amesikiliza?"

"Amesikiliza."

"Alitumia sikio zima? Mama, mimi huenda sina uzoefu, yeye anajua. Amesikia kitu?"

Nilimtazama Mtafiti. Aligeuza uso taratibu, akaulaza kwenye mto kwa upande wa kulia, ili lile sikio linalosikia liwe chini.

"Amekusikia wewe," nikamwambia. "Anasema urudi nyumbani."

Injini ya boti ikazimwa. Kulwa hakusema atarudi, hakusema atashuka tena. Nikabaki na simu sikioni, namsikiliza anavyohema.